Kunung'unika Nako ni Karama

Tangu Roma ianze kusikiliza, sisi huku chini hatupumziki. Ile Sinodi ya Papa Fransisko iliyoanza 2021 ikafungwa Oktoba 2024, maaskofu waliketi kwenye meza za duara ndani ya Ukumbi wa Paulo VI, masista na walei wakiwa kati yao, wakasikilizana, wakafunga mafaili, wakapanda ndege. Wao wamemaliza. Sisi ndiyo kwanza tunaanza. Barua imetoka makao makuu ya shirika, ikapitia kanda, ikatua mezani kwa mkuu wetu wa jumuiya: kila nyumba iwe na kikao cha kusikilizana kila mwezi, na taarifa iandikwe. Mwandishi wa taarifa ni mimi, kwa kuwa ndimi bruda, na bruda katika nyumba ya mapadre ni mtu ambaye siku zote ana nafasi, hata siku ambayo hana.

Tunaishi watu saba Morogoro, upande ambao ukifungua dirisha unaiona Milima ya Uluguru, na ukifungua bomba unaona hewa. Mkuu wa jumuiya ni padre kutoka Kerala. Mzee wetu ni Mpolandi, yuko nchini tangu enzi za kupanga foleni ya sukari. Kuna padre wa Bukavu, padre Mhehe wa Iringa, na mafrateri wawili, mmoja Mkamba wa Machakos, mwingine wa kisiwa cha Flores kule Indonesia, ambako Wakatoliki ndio wengi. Na mimi, Mngoni wa Songea: mhazini, mtunza stoo, msimamizi wa gari, na sasa karani wa udugu.

Wageni wakija wanatusifu sana. "Jamani, mnavyopendeza! Afrika, Asia na Ulaya meza moja!" Wanapiga picha, na picha zinaingia kwenye kalenda ya shirika. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha Wamisionari wa Afrika kule Algiers mwaka 1868, aliamuru wasiishi chini ya watatu nyumba moja, na wajifunze lugha ya watu waliotumwa kwao. Mzee yule alikuwa na akili. Wawili wakigombana hakuna wa kuamua. Ila sijaona mahali alipoeleza hao watatu wapikiwe nini.

Watu wanadhani tatizo la nyumba kama yetu ni lugha. Si kweli. Kiswahili tunacho, kimoja cha Songea, kimoja cha Bukavu, kimoja cha Machakos na kimoja cha Krakow, na vyote vinafika sokoni vikarudi na nyanya. Tatizo letu ni adabu. Kila mtu amekuja na adabu ya kwao, na zote ni nzuri, na zikikutana mezani hakuna anayesema kitu. Frateri wa Flores hamkatalii mkubwa. Anatabasamu, na ni juu yako kujua kama ni tabasamu la kukubali au la kuvumilia. Padre wa Bukavu akiwa na dukuduku huanzia mbali, kwa kumshukuru mkuu, na wazee, na mama mpishi, na waliotutangulia kwa imani, na anapokaribia jambo lenyewe kengele ya Masifu ya Jioni inagonga. Sisi Watanzania ndio tumezidi. Tukiombwa tusichokitaka tunasema tutajitahidi, na aliyeomba anaondoka amefurahi. Mkamba peke yake ndiye anayesema "leta chumvi" na kunyoosha mkono, na siku za mwanzo tulimwona kama mtoto aliyekosa malezi. Mwaka ule tulisoma Fratelli Tutti mezani, kimya kimya, msomaji kwenye kiti kirefu, toka aya ya kwanza hadi ya mwisho. Waraka mzima juu ya udugu, na sikumbuki mtu aliyemsogezea mwenzake chumvi.

Adabu ikizidi, malalamiko hutafuta pa kutokea. Kwetu yalitokea kwenye friji. Kikaratasi cha kwanza kilisema, "Ndugu wapendwa, maziwa haya ni ya wote." Chini yake kikabandikwa kingine, kwa kalamu nyingine: "Hata wa mwisho." Cha tatu kiliomba mlango wa friji ufungwe upesi ili kuokoa umeme, nacho kilibandikwa kwa ndani, ambako huwezi kukisoma ila mlango ukiwa wazi. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na sahihi, kana kwamba miandiko hatuijui. Saba yenye kistari katikati imetoka Poland. Barua yenye "wapendwa" mara mbili imetoka Bukavu. Mimi vyangu niliviandika kwa herufi kubwa na bado mkuu aliniuliza kwa upole kama sukari imepanda bei.

Sasa mchuzi. Mama mpishi wetu, Mluguru mwenye mkono mtamu, alipoanza kazi aliambiwa na mtu, na huyo mtu hajajitokeza mpaka leo, kwamba Wahindi hawali bila pilipili na Wazungu pilipili huwaua. Mama wa watu akatafuta katikati. Akapata mchuzi ambao kwa Mpolandi ni moto na kwa Mkerala ni chakula cha wodini. Mzee alikuwa anakula, anafuta jasho kwa leso, anasema, "Mtamu, mtamu kabisa," akiamini kwamba mkuu ndiye aliyeagiza. Mkuu naye alikuwa anakula huku mawazo yako pwani ya Malabar, akiamini kwamba umepozwa kwa heshima ya mzee. Kila mmoja anamtolea Mungu sadaka kwa ajili ya mwenzake, na sisi wengine tunakula katikati ya sadaka mbili. Halafu pilipili yenyewe ni mgeni kwa wote wawili: imetoka Amerika, ikaletwa Bahari ya Hindi na Wareno. Hapakuwa na sababu ya mtu yeyote kuionea haya.

Tukiwa katika hali hiyo ndipo tukaitishiwa kikao cha kusikilizana. Mwezeshaji alikuwa sista wa shirika jingine, mpole, mwenye bango kitita, kalamu rashasha na mshumaa. Njia aliyotumia ni ileile ya Sinodi, mazungumzo katika Roho. Mzunguko wa kwanza kila mtu anasema lililo moyoni, hakuna kumjibu wala kumkatiza. Kimya. Mzunguko wa pili huruhusiwi kurudi kwako. Unasema lililokugusa katika ya wenzako. Kimya tena. Mzunguko wa tatu mnatafuta pamoja Roho anawaelekeza wapi. Ni njia nzuri, nasema bila kejeli, nimeona inavyowafundisha mapadre kufunga mdomo. Ina sharti moja tu: lazima apatikane mtu wa kwanza wa kusema kitu.

Mkuu alishukuru. Mzee alishukuru. Bukavu alishukuru mpaka simu ya sista iliyokuwa inapima dakika ikalia, ikazimwa, ikalia tena. Mhehe alisema yapo maeneo machache ya kuboresha, ila hakuyataja. Mkamba alikuwa kazini, amepeleka gari kwa fundi, na hapo ndipo kikao kilipoharibika, ingawa hatukujua. Mimi nilisema tutajitahidi. Kikaja kimya, na ndani ya kile kimya frateri wa Flores akanyanyuka kwenda kunywa maji, ndala zake zikikokota korido yote, kwaa, kwaa, kwaa, zikaenda, zikarudi.

Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu ameandika kuhusu sista aliyekuwa akikaa nyuma yake wakati wa tafakari ya jioni, akitoa mlio mdogo wa kuudhi. Teresia alitoka jasho kwa kujizuia asigeuke, kisha akaamua kuusikiliza ule mlio kama muziki na kumtolea Yesu. Ni mfano mkubwa. Lakini Teresia alifariki ana miaka 24. Mimi umri huo niliupita zamani, na ndala ziko palepale kila usiku.

Mzunguko wa pili sote tuliguswa na shukrani za wenzetu. Wa tatu, sista akaandika SHUKRANI kwenye bango kitita, akaizungushia duara la kijani. Nikaandika taarifa: udugu uko imara. Mchana tukala mchuzi.

Nilinung'unika sana wiki ile, na nikaonywa. Kunung'unika ndiyo dhambi yangu inayofahamika, nimehubiriwa juu yake mafungo hadi mafungo, na kila mhubiri anakuja na Mtakatifu Benedikto mkononi. Ni kweli, Benedikto aliyeandika Kanuni yake katika karne ya 6, na kuianza kwa kumwambia mtawa atege sikio, anayapiga vita manung'uniko sura baada ya sura. Lakini nami nimesoma. Sura ya 35 anasema ndugu wa zamu ya jikoni wapewe kinywaji na mkate kabla ya wengine, ili wahudumu bila kunung'unika. Yaani mzee alijua manung'uniko yanakaa tumboni, akayawahi kwa mkate, hakuita mwezeshaji. Sura ya 41 anamtaka abate apange mambo ili ndugu wasiwe na manung'uniko ya haki. Ya haki! Basi yako ya haki. Sijawahi kumwona mhubiri wa mafungo akifika sura ya 41. Wote huishia sura ya 5, kwenye utii.

Na tukiacha watawa, tuingie kwenye Biblia. Matendo ya Mitume, sura ya 6. Yerusalemu ilikuwa jumuiya mchanganyiko kabla yetu: Wayahudi wa Kigiriki upande huu, wa Kiebrania upande ule. Wajane wa upande wa Kigiriki wakawa wanasahauliwa kwenye mgao wa kila siku, na watu wao wakanung'unika. Luka hakuficha. Mitume nao hawakusema tumshukuru Mungu kwa zawadi ya utofauti wetu. Waliita umati, wakachaguliwa watu saba, na hebu soma majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ya Kigiriki. Inaelekea walionung'unika ndio waliokabidhiwa upawa. Mapokeo ya Kanisa yanaona hapo asili ya mashemasi. Kila shemasi anayetangaza Injili kwa madaha Jumapili anadaiwa shukrani na wajane waliopunjwa chakula, na watu waliosema kwa sauti.

Hoja hii nilimpa Padre Mhehe. Akaniambia Wangoni hata Biblia wanaisoma wakitafuta chakula.

Naomba nieleze kwa nini sikukasirika. Watu wetu walipigana karne ya 19, wakamalizana vya kutosha, na wajukuu tukarithi utani. Kwa hiyo mimi na yeye hatujawahi kuandikiana kikaratasi. Mgeni akifika, anamwonya asiache begi lake karibu nami. Mimi namuuliza mgeni kama amegundua kwamba mtaa huu hauna mbwa, na mwenye kufahamu mambo ya Iringa atacheka, asiyefahamu aulize. Anaponiambia mbele ya watu kwamba nimebana posho mpaka mafrateri wanatembea na soksi za misaada, napata ujumbe, naongeza posho, na hakuna aliyeumia. Ninapomwambia kwamba gari likienda Iringa hurudi na umri, analirudisha mapema, walau mara moja. Mmoja wetu akifa, mwenzake ndiye atakayefanya vituko msibani, ajilaze kaburini na kudai alipwe ndipo atoke, na wafiwa watacheka huku machozi yanatoka. Kazi yote hiyo ambayo sista anaifanyia mshumaa, babu zetu waliimaliza kwa kutukanana. Frateri wa Flores mara ya kwanza alipotusikia alidhani tumegombana, akatuanzishia novena.

Ugumu ni kwamba utani haugawiwi. Mngoni na Mpolandi hawajawahi kupigana. Mkerala hakuvamia Songea. Basi kwa hao tukabaki na adabu na friji.

Aliyetuokoa ni Mkamba. Benedikto, katika sura ya 3, anataka waitwe ndugu wote kwenye shauri, kwa sababu mara nyingi Bwana humfunulia mdogo lililo bora. Ila sidhani alikuwa na huyu akilini. Ilikuwa chakula cha jioni, siku ya kawaida, hakuna mshumaa. Frateri aliweka kijiko chini, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Lakini hii mchuzi hupikiwa nani? Kila mtu anakula kama amefungwa."

Vijiko vikasimama. Mkuu akamtazama mzee. Mzee akamtazama mkuu.

"Padre, si wewe uliyeagiza?"

"Mimi? Mimi nilidhani ni kwa ajili yako, Baba."

Hapo Mpolandi, mtu ambaye sijawahi kumsikia akilalamika hata kwa malaria, akanung'unika. Alinung'unika kwa sauti, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha homilia zake. Alianza na pilipili. Akahamia kwenye chai inayoletwa imeshatiwa sukari kana kwamba sisi ni watoto. Akaja kwenye redio inayoimba kwaya saa 11 alfajiri, na hapo watu wakanitazama. Mkuu akafuata: samaki. Kwa nini samaki wa nyumba hii akaangwe mpaka awe ubao? Bukavu akasema, bila salamu wala shukrani, kwamba tangu atoke kwao hajala sombe, amekula majani ya muhogo yaliyochemshwa kwa haraka. Frateri wa Flores alitabasamu, kisha akasema taratibu kwamba wali mara moja kwa siku ni kama kufunga. Nami nikaona nafasi yangu, nikataja ndala. Alishangaa kweli. Alikuwa anazivaa ili asinisumbue kwa vishindo vya viatu.

Mama mpishi alikuwa mlangoni na kitambaa begani, ameyasikia yote.

"Jamani baba zangu, na kusoma kote huko, mmeshindwa kuniambia? Nendeni Msamvu pale stendi mkaone. Mama ntilie wote wanaweka pilipili kando!"

Ndivyo ilivyokuwa tangu kesho yake. Bakuli dogo, pilipili mbuzi, ndimu na chumvi, kando. Mkuu analivuta, mzee analisukuma. Vikaratasi vya friji nikavibandua mwenyewe, isipokuwa kile cha ndani, ambacho bado kinanifurahisha.

Utani nao ukapatikana, tena kwa njia ya haki. Mzee alitusimulia kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili Wapolandi waliowahi kuhamishwa na Wasovieti kupelekwa Siberia, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa Tanganyika kuanzia 1942. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru kule Arusha, karibu watu 5,000, na makaburi yao yapo mpaka leo. Nyingine zilikuwa Kondoa, Kidugala, hapahapa Morogoro, na Ifunda. Mhehe aliposikia Ifunda akagonga meza. Ifunda ni Iringa! Aliyekaa Ifunda ni mtu wa kwetu, na mtu wa kwetu ni mtani wa Mngoni. Shauri likapita bila kupigiwa kura. Tangu siku hiyo mzee wa miaka yake ananiambia mbele ya wageni kwamba funguo za stoo nimezikabidhiwa kwa bahati mbaya ya historia. Namjibu kwamba Wahehe weupe ndio wagumu kuliko weusi. Mkuu wetu ameanza kuuliza, kwa siri, kama hakuna Mhindi yeyote aliyewahi kupita Iringa.

Kelele mezani zimeongezeka, sikatai. Mkuu wa kanda alipokuja kututembelea, alikuta mzee ananisuta juu ya redio, Mkamba anasuta kila mtu, Bukavu yuko jikoni anambishia mama mpishi juu ya muda wa kuchemsha sombe, na mkuu wa jumuiya anacheka mpaka mchuzi unamwagika. Alikula bila kusema neno. Ni mtu wa adabu sana. Akaaga vizuri, akashukuru kila mmoja, na juma lililofuata ikaja taarifa yake ya ukurasa mmoja: jumuiya ina dalili za mivutano ya kitamaduni, inapendekezwa semina ya siku tatu juu ya kusikilizana.

Sista atarudi. Bajeti ya chai ni juu yangu, na nimeagizwa ninunue kalamu rashasha za rangi nne. Mpolandi ameshauri nyekundu itengwe kwa ajili ya kuandikia majina ya watakaopeleka redio kwenye ukumbi, na Mhehe amesema jina la kwanza analijua tayari, halina haja ya kungoja semina.